Boston walinyonga Wakwekeri, Pennsylvania wakakaribisha kila dini. Mfalme si alikuwa mmoja?

#1 Mgosi wa Ndima
Wakuu, salaam.

Jana nimebishana na shemeji mpaka chai ikapoa mezani. Yeye anasema Marekani ilianza kama nchi ya uhuru wa dini, basi, hakuna cha kuongeza. Nikamwuliza uhuru upi? Mwaka 1660 pale Boston walimnyonga mama mmoja, Mary Dyer, kwa kosa la kuwa Mkwekeri (Quaker, dhehebu la Kikristo) na kurudi mjini baada ya kufukuzwa. Wenzake wawili walikuwa wameshanyongwa mwaka wa nyuma yake, na wa nne akafuata 1661. Halafu miaka 20 tu baadaye, 1681, Mfalme Charles II anamkabidhi Mkwekeri, William Penn, pori kubwa kuliko mikoa kadhaa ya kwetu, na huyo Penn anatangaza kwamba yeyote anayemwamini Mungu mmoja aje, hatabughudhiwa. Wakaja Wawelisi, Wajerumani, Waairishi, Wahuguenot, yaani Waprotestanti wa Ufaransa. Waswidi na Wafini aliwakuta pale pale.

Hoja yangu: hii haikuwa dini wala utu, ilikuwa biashara ya viwanja. Mfalme alikuwa anadaiwa na Penn pauni 16,000, akalipa kwa pori. Penn naye pori akawa nalo, wanunuzi hana, ndipo akafungua mlango. Dalali hachagui dini ya mteja.

Shemeji kanuna. Nyie mnasemaje?

#2 Kokoriko
"Dalali hachagui dini ya mteja." Hii naiba.

#3 Mwl. Mstaafu
Mleta mada, hongera, ila tunyooshe mawili matatu kabla watu hawajaanza kurushiana mawe.

Kwanza deni. Mfalme hakukopa kwa William Penn huyu, alidaiwa na baba yake, Admirali William Penn, aliyefariki 1670. Kijana alirithi dai.

Pili, Charles II alirudi kwenye kiti chake Mei 1660, na Mary Dyer alinyongwa Juni mosi. Boston walikuwa wakijiendesha kwa hati yao wenyewe. Habari zilipomfikia mfalme, 1661 aliandika barua kuwazuia wasiue tena, na aliyeibeba kwenda kumkabidhi gavana ni Samuel Shattuck, Mkwekeri ambaye gavana huyo huyo alikuwa amemfukuza. Hebu fikiria sura ya gavana mlango ulipofunguliwa.

Tatu, jina la Pennsylvania. Wengi wanadhani Penn alijipachika mwenyewe. Alipendekeza "New Wales", likakataliwa. Akaja na Sylvania, nchi ya misitu kwa Kilatini. Mfalme akaongeza Penn mbele kwa heshima ya marehemu admirali. Mwanawe akaona haya, watu watasema anajikweza, na aliandika katika barua yake kwamba hata ginea 20 za dhahabu hazikuwafanya makatibu walibadilishe.

#4 Mzee wa Fitina
Ngoja nielewe. Mtumishi wa Mungu alitoa chochote kitu, na makatibu wa serikali WAKAKATAA? Hao makatibu walizaa? Wana wajukuu? Tuletewe wawili watatu huku.

#5 Mtoto wa Kaimosi
Habari zenu majirani. Wacha Quaker mwenyewe aongee, maana hiyo "Wakwekeri" yenu inanichekesha. Huku Kenya magharibi tunasema Friends, ama Marafiki.

Mgosi #1, umekosea pakubwa kumfanya Penn dalali. Kabla ya hilo pori, alikuwa amelala jela mara kadhaa. Mwishoni mwa 1668 alifungiwa kwenye Mnara wa London kwa sababu ya kijitabu cha dini. Mwaka 1670 akakamatwa akihubiri barabarani pamoja na William Mead. Raia 12 waliowekwa kuamua kesi wakakataa kuwatia hatiani, na jaji akawafungia hao hao raia usiku mzima, na mwingine tena, bila chakula, bila moto, bila hata chombo cha kukojolea. Hawakubadilika. Wakatozwa faini na kutiwa ndani, na shauri la mmoja wao, Edward Bushell, ndilo lililokuja kuamua kwamba jaji hawezi kuwaadhibu watu wa aina hiyo kwa uamuzi wao.

Mtu aliyepitia hayo, akipewa nchi, atafungia nani? Sisi tunaamini kila mtu ana nuru ya Mungu ndani yake. Ukishaamini hivyo, huwezi kumpangia jirani namna ya kusali. Ni imani, si bei ya shamba.

#6 Kijiwe Nongwa
Swali la kizushi. Nasikia nyie mnasali kimya, mnakaa tu mnaangaliana saa nzima. Kweli?

#7 Mtoto wa Kaimosi
@Kijiwe hahaha. Kimya? Njoo Vihiga Jumapili moja. Ngoma, kayamba, spika mbili, na pasta ambaye hajui saa. Hiyo ya kimya ni ya akina Penn. Wamisionari waliofika Kaimosi 1902 walikuwa Wamarekani watatu wa tawi lililokuwa tayari na mapasta na nyimbo. Leo Kenya ndiyo yenye Quakers wengi kuliko nchi yoyote, kwa hiyo kimya ndio wachache.

Ila nyanya yangu alikuwa na kakitu. Kabla ya kula alinyamaza. Haombi kwa sauti, haangalii mtu, na ugali unatoa moshi. Sisi watoto tulikuwa tunahesabu kimoyomoyo. Siku moja nilifika mia na arobaini.

#8 Mgosi wa Ndima
@Mtoto wa Kaimosi jela haifuti biashara. Penn aliuza ekari 5,000 kwa pauni 100, pamoja na kodi ya ardhi ya kila mwaka juu yake, na alichapisha vijitabu vya kuisifia nchi yake kwa Kiingereza, Kiholanzi, Kijerumani na Kifaransa. Nani anatafsiri imani kwa lugha nne? Hilo ni tangazo.

#9 Mwl. Mstaafu
Mgosi, Mitume walipata lugha nyingi zaidi siku ya Pentekoste, na viwanja hawakuuza.

Halafu ongeza hili kwenye daftari lako la udalali: 1708 Penn aliwekwa jela ya wadaiwa. Msimamizi wake wa mali, Philip Ford, alikuwa akimwekea karatasi naye anasaini bila kusoma, na baadaye mjane wa Ford akaja kudai. Kodi za ardhi walowezi hawakutaka kulipa. Kwa dalali, huyu alifilisika vibaya.

#10 Mzee wa Fitina
Kusaini bila kusoma. Yaani huyo ndugu yetu kabisa.

#11 Bahari Kuu
Assalaam alaykum. Mimi ni wa Unguja, naona mmejifungia Marekani wakati jibu liko bahari yetu.

Mfalme huyo huyo Charles II alioa binti wa Kireno, Catherine wa Braganza, na katika mahari ya mkataba wa 1661 akapewa Bombay. Mwaka 1668 akaikodisha kwa Kampuni ya India Mashariki kwa pauni 10 kwa mwaka. Bombay wakati ule visiwa vya homa na minazi. Gavana Gerald Aungier akawaita Wabaniani, Maparsi (wafuasi wa Zoroasta), Waarmenia, Waislamu, kila jamaa na ibada yake. Maparsi wakapata mnara wao wa kulaza maiti pale kilima cha Malabar, Bombay. Wabaniani wa Diu, ambao tayari walikuwa wakivuka kuja kuuza vitambaa pwani ya Afrika, wakaahidiwa kutosumbuliwa katika dini yao.

Aungier hakuwa Mkwekeri. Hakuwa na nuru ya ndani. Alikuwa na bandari tupu, na Surat, bandari nyingine ya India, ina wafanyabiashara. Kwa hiyo mimi na Mgosi tuko mtumbwi mmoja: koloni lisilo na watu hukumbuka uvumilivu haraka sana.

#12 Nyakato
@Bahari Kuu umenena, ila mmeisahau New York, na New York ilianza kabla ya Penn na kabla ya Waingereza wenyewe.

Mwaka 1643 padri mmoja Mjesuiti, Isaac Jogues, alipita pale ikiitwa New Amsterdam, chini ya Kampuni ya Kiholanzi. Anasema kisiwani na kandokando yake kulikuwa na wanaume mia nne au mia tano, na mkurugenzi alimwambia wanazungumza lugha 18. Watu mia tano, lugha kumi na nane! Hicho kijiji kingeweza kuwa na stendi ya basi.

Mwaka 1654 wakafika Wayahudi 23 wakiikimbia Recife, Brazili, baada ya Wareno kuirudisha mikononi mwao. Mkurugenzi Stuyvesant aliomba ruhusa ya kuwafukuza. Kampuni ikamjibu hapana, na moja ya sababu walizotaja ni kwamba kuna Wayahudi wenye mtaji mkubwa katika Kampuni. Mgosi, hapo nakupa pointi.

Lakini 1657 watu wa kijiji cha Flushing, raia wa kawaida, wakamwandikia Stuyvesant kwamba hawawezi kuwatesa Wakwekeri, na kwamba upendo unawafikia hata Wayahudi, Waturuki na Wamisri. Karibu wote waliosaini hawakuwa Wakwekeri. Waliosimamia barua ile wakakamatwa. Hawa walikuwa wanauza nini? Kwa hiyo pointi nakunyang'anya.

Waingereza walipoingia na manowari nne 1664 walikuta chungu kishapikwa. Masharti ya kusalimu amri yakawaachia Waholanzi dini yao na mirathi yao. Huwezi kumfukuza kila mtu, utabaki unamtawala nani? Gavana Thomas Dongan, naye Mkatoliki, aliripoti 1687 kwamba Waanglikana si wengi, Wakatoliki wachache, Wakwekeri tele, wakiwemo waimbao na wapigao kelele, washika Sabato na wapinga Sabato, Wayahudi kadhaa, na kwamba watu wengi hawana dini yoyote.

#13 Kokoriko
"Wakwekeri wanaoimba na kupiga kelele." Mtoto wa Kaimosi, babu zako hao.

#14 Mtoto wa Kaimosi
Nimekubali. Tumekuwa na spika tangu 1687.

#15 Kijiwe Nongwa
Si hiyo New York waliinunua kwa shanga za dola 24?

#16 Nyakato
Ni chai hiyo, mkuu. Barua ya 1626 inasema gilda 60, na haitaji shanga popote. Dola 24 ni hesabu ya mtu wa karne ya 19.

#17 BintiRungwe
Mada tamu. Nami nina la kwangu. Sisi Wamoravian wa Mbeya asili yetu ni huko huko Pennsylvania. Mji wa Bethlehem ulianzishwa na Wamoravian 1741, kabaila wa Kijerumani Zinzendorf, kiongozi wao, akiwepo mwenyewe, akaupa jina usiku wa mkesha wa Krismasi. Waliishi kwa makundi, wanaume wasio na wake nyumba yao, wanawake wasioolewa nyumba yao, wajane yao, kazi zote za pamoja na mfuko mmoja. Kutoka hapo injili ikafika Rungwe.

#18 Shirati Moja
BintiRungwe dada yangu, Bethlehem umeisema sawa, ila mwisho umechepuka. Waliofika Rungwe 1891 walitoka Ujerumani moja kwa moja, upande wa Herrnhut. Bethlehem na Rungwe ni watoto wa mama mmoja, si mama na mwana.

Kanisa la huku kwetu lililotoka Pennsylvania kweli ni la Mennonite. Mwaka 1934 walifika Shirati, Mara, kutoka Lancaster, na Wamennonite wa Lancaster wako pale tangu 1710. Nyumba ya mawe ya Hans Herr, ya 1719, ipo hadi leo. Marehemu babu alikuwa mpishi wa wamisionari, na alitufundisha kitu ambacho sikukielewa mpaka nilipokuwa mtu mzima: hakubali kuapa. Akiitwa shahidi kwenye baraza anasema "nasema kweli" tu. Mwenyekiti anakasirika, yeye anarudia, "nasema kweli". Pennsylvania ilikuwa nchi ya kwanza aliyokuwa akiisikia ambako neno hilo linatosha.

#19 BintiRungwe
Asante kwa kunirekebisha. Nilikuwa nikilisema hilo tangu kipaimara.

#20 Mkongo wa Lancaster
Jambo kwenu wote. Miye ni Mukongomani wa Bukavu, niko hapa hapa Lancaster miaka sita. Naona munaongea mji wangu.

Huku sisi Wakongomani tuko wengi, Kiswahili unakisikia hata dukani. Pa duka kubwa karibu na kwangu kuna kibanda cha kufungia farasi. Waamish, Wakristo wasioendesha motokaa, wanakuja na kigari cheusi, nyuma kiko na pembetatu ya rangi ya chungwa ili motokaa zisikigonge. Mutoto wangu alizani ni wa filamu. Mzee mumoja Mwamish tunasalimiana kila juma, yeye na Kijerumani chake cha nyumbani, miye na Kiswahili, Kiingereza tunakutania katikati. Kusema ukweli, siku ya kwanza nilijisikia niko na mwenzangu: watu wake walikimbia vita na mateso, wa kwangu pia.

Lakini iko kitu kingine. Mjini kuna ukumbi wa mchezo wa Fulton. Umejengwa juu ya misingi ya jela ya zamani. Desemba 1763, Wakonestoga, wenyeji wa kale wa pahali hapa, walishambuliwa na kundi lililoitwa Paxton Boys, Waskoti wa Ireland. Siku ya kwanza waliua sita kijijini. Wenye kubaki, 14, serikali ikawaweka humo ndani ya mji ili iwalinde. Siku mbili baada ya Krismasi wale watu wakaingia na farasi muchana, wakaua wote 14, na watoto. Walikuwa wangali na hati ya urafiki waliyopewa na Penn. Hakuna mutu aliyehukumiwa.

Kwa hiyo munaposema "kila mutu alikaribishwa", nauliza: alikaribishwa ndani ya nyumba ya nani?

#21 Mgosi wa Ndima
Duh.

#22 Mzee wa Fitina
Hapa sina utani.

#23 Mwl. Mstaafu
Mkongo amegusa penyewe, na hiyo 1763 ina mizizi. Penn mwenyewe alinunua ardhi kwa Walenape, wenyeji wa pale, kwa mikataba, na alijifunza lugha yao kiasi. Wanawe ndio walioharibu. Mwaka 1737 walitoa karatasi wakidai wazee wa Walenape walikubali 1686 kuuza eneo la umbali ambao mtu anaweza kutembea siku moja na nusu. Walenape wakadhani ni mwendo wa kawaida, mtu anatembea, anapumzika, anavuta kiko. Familia ya Penn ikakodi vijana watatu wenye mbio, ikasafisha njia porini kabla, na kuahidi pauni tano na ekari 500 kwa mshindi. Mmoja akaishia njiani siku ya kwanza, wa pili akaanguka na kufariki baadaye, wa tatu, Edward Marshall, akamaliza karibu kilomita 100. Halafu mstari wa mwisho wakauchora kwa mshazari, kuongeza. Zikaenda ekari zaidi ya milioni moja.

Ardhi hiyo ndiyo iliyogawiwa wageni wa dini zote. Kadiri mlango ulivyofunguliwa kwa wanaokuja, ndivyo ulivyofungwa kwa waliokuwepo.

#24 Bahari Kuu
Na kuna waliokuja bila kukaribishwa wala kutaka. Lugha 18 za Nyakato, nani alizihesabu lugha za watumwa? Waafrika wa kwanza 11 waliletwa New Amsterdam mnamo 1626, na majina yaliyobaki ni kama Simon Congo na Paulo d'Angola. Mwaka 1644 Kampuni ikawapa uhuru nusu: wewe huru, unalipa ushuru wa mazao kila mwaka, watoto wako bado wa Kampuni. Uhuru wa nusu kilo.

Na nyie mnaodhani bahari yetu haihusiki: miaka ya 1690 tajiri wa New York, Frederick Philipse, alikuwa akituma meli Madagaska. Wakala wake alikaa kisiwa cha Sainte-Marie, anawauzia maharamia pombe na baruti, na meli zinarudi na watumwa. Kwa hiyo katika huo mji wa kila kabila kulikuwa na watu wa Bukini, yaani Madagaska, pia.

#25 Nyakato
Kweli kabisa. Na 1741, moto ulipozuka mara kadhaa mjini, wakaamini kuna njama ya watumwa. Waliwachoma moto 13 na kuwanyonga 17. Wakanyonga na Wazungu wanne, mmoja wao John Ury, mwalimu wa Kilatini, kwa kushukiwa kuwa padri wa Kikatoliki. Yaani mji wenye dini zote, ukitishika, unajua dini ya kumshika shati. Makaburi ya Waafrika wa New York ya zamani yalifunikwa na mji mpaka 1991, walipochimba msingi wa jengo la serikali.

#26 Kijiwe Nongwa
Lakini Wakwekeri si walipinga utumwa tangu mwanzo? Nilisoma hivyo.

#27 Mtoto wa Kaimosi
Natamani niseme ndiyo. Nitasema ukweli tu, kama babu ya Shirati. Penn mwenyewe alikuwa na watumwa. Mwaka 1684, koloni halijafika hata miaka minne, meli Isabella ilishusha Waafrika 150 Philadelphia na wakanunuliwa upesi.

Walioanza kupinga kwa maandishi ni wanaume wanne wa Germantown, Wakwekeri wa asili ya Kijerumani na Kiholanzi, 1688, akiwemo Francis Daniel Pastorius. Hoja yao nzuri sana: wakiwa baharini waliogopa kila meli ngeni, isije ikawa ya Waturuki ikawachukua utumwani. Sasa sisi tofauti yetu na Waturuki ni ipi? Wakapeleka barua mkutano wa mwezi. Mkutano wa mwezi ukasema jambo hili zito, lipelekwe wa robo mwaka. Wa robo mwaka, lipelekwe wa mwaka. Wa mwaka ukasema haifai kutoa uamuzi. Miaka 88 ikapita mpaka 1776, ndipo mkutano wa Philadelphia ukawakataza waumini kumiliki watu.

#28 Mzee wa Fitina
Faili liko mezani kwa mkubwa, njoo Jumatatu. Utani umerudi kidogo.

#29 Kokoriko
Na Wajerumani wenyewe walikuja kifalme? Manake mnavyowataja utadhani walikuja na masanduku.

#30 Shirati Moja
Wengi walikuja kwa mkopo. Nahodha anakuleta bila nauli, mkifika Philadelphia hushuki mpaka apatikane mtu wa kulipa deni lako, nawe unamtumikia miaka kadhaa. Wanunuzi wanapanda melini kuchagua. Mzazi akifia njiani, deni linahamia kwa mwanawe.

Nikisoma hayo namkumbuka binti wa shangazi yangu aliyekwenda Ghuba kufanya kazi za ndani. Nauli alilipiwa na wakala, sitamtaja. Alipotaka kurudi akaambiwa lipa kwanza. Alikaa miezi saba zaidi kwa deni ambalo hakuwahi kuliona kwa macho.

#31 Mwl. Mstaafu
Na walipozidi kuwa wengi, kelele zikaanza. Benjamin Franklin mwaka 1751 alilalamika kwamba Wajerumani wataigeuza Pennsylvania iwe yao badala ya kugeuzwa wao kuwa Waingereza. Aliwahesabu Wajerumani na hata Waswidi kuwa watu wa rangi ya weusi-weusi!

Na huyo huyo, 1732, alikuwa amejaribu kuchapisha gazeti la Kijerumani awauzie. Likafa upesi. Baadaye wakasoma la Christopher Sauer, mwenzao wa Germantown, ambaye 1743 alichapisha Biblia nzima kwa Kijerumani, miongo mingi kabla ya yeyote kule kuchapisha ya Kiingereza.

#32 BintiRungwe
MSWIDI mweusi. Nimecheka peke yangu kwenye daladala, watu wananiangalia.

#33 Kijiwe Nongwa
Swali la mwisho la kizushi. Mimi Muislamu ningeenda Pennsylvania ya 1701 ningekuwa mkuu wa wilaya?

#34 Bahari Kuu
Ungesali, cheo ungekisahau. Hati ya 1701 iliwalinda wote wanaomkiri Mungu mmoja muumba, lakini ofisi za serikali ni kwa wanaomwamini Yesu Kristo kuwa Mwokozi. Hata Wakatoliki hawakuzipata, sababu ya viapo vilivyowekwa makusudi kuwazuia. Lakini misa ilisomwa Philadelphia hadharani tangu 1733, na mtu alipolalamika, baraza likatazama hati ya Penn na kuacha. Linganisha na Maryland, iliyoanzishwa na familia ya Kikatoliki na kupitisha sheria ya uvumilivu 1649. Sheria hiyo iliwahusu Wakristo tu, anayekana Utatu adhabu yake kifo. Hapo mimi na wewe tusingefika hata kwenye kusali.

Ila New Amsterdam alikuwepo Anthony Janszoon van Salee, mtu wa asili ya Moroko, walimwita Mturuki. Aligombana na kila mtu, wakamfukuza kisiwani, akaenda kuwa tajiri wa mashamba upande wa Brooklyn.

#35 Mgosi wa Ndima
Sasa nina maelezo matano: biashara, imani, upungufu wa watu, urithi wa Waholanzi, na hili la Nyakato kwamba ukiwakuta wengi huwezi kuwafukuza. Nani kashinda?

#36 Nyakato
La sita: hakuna kundi lililokuwa na wingi wa kutosha kuwabana wengine. Virginia na Boston walikuwa nao, wakabana.

#37 Mtoto wa Kaimosi
@Nyakato haiwezekani. Mwanzoni Wakwekeri tulikuwa na wingi na bunge letu. Hatukubana.

#38 Nyakato
Hamkubana dini. Muulize Mkongo habari za mpaka wa magharibi.

#39 Shemeji Halisi
Hodi jukwaani. Nimejisajili leo kwa ajili ya uzi huu. Mimi ndiye shemeji wa #1.

Kwanza, chai haikupoa kwa sababu ya ubishi. Ilipoa kwa sababu Mgosi alikuwa anaongea na sukari ameishika yeye.

Pili, mmezunguka kote, mtu hamjamtaja: Roger Williams. Alifukuzwa Massachusetts 1635, akatembea kwenye theluji, akapata ardhi kwa wenyeji Wanarragansett, akaanzisha Providence 1636. Alisema serikali haina kazi na roho ya mtu, awe Myahudi, Muislamu au asiye na dini. Hakuwa na deni la mfalme, hakuwa na kijitabu cha lugha nne. Sasa Mgosi, dalali huyo alikuwa anauza nini?

#40 Mgosi wa Ndima
Shemeji karibu. Na Newport, bandari ya hiyo hiyo Rhode Island yako, ilikuja kuwa nini? Kituo kikuu cha meli za watumwa katika koloni zote hizo. Endelea.

#41 Shemeji Halisi
Hilo si swali nililouliza. Na sukari bado unayo.

#42 Kokoriko
Mkongo, hapo Fulton pana kibao chochote kuhusu wale 14?

#43 Mkongo wa Lancaster
Napita pale kila siku na basi ya kazini, sijawahi kushuka. Kesho nitashuka niangalie, nitawaambia.